Mahema Mawili Juu ya Makobola

Uvira, Jumapili, mwezi wa tisa. Mvua.

Imenyesha tangu alfajiri, mvua ya kwanza ya kweli baada ya kiangazi chote. Hapa mtaani Mulongwe watu wametoa nje ndoo, beseni na sufuria. Watoto wa jirani wameoga barabarani, na mama mwenye nyumba wangu aliimba pambio mpaka saa ya ibada ikamkuta bado na kitenge cha kulalia. Kila mtu ana furaha isipokuwa mimi.

Nimekaa dirishani natazama upande wa milima. Haionekani, mawingu yameshuka mpaka kwenye nyumba za mwisho kule juu. Lakini najua mvua hii inawanyeshea akina nani, kwa majina. Nina majina yao arobaini na moja kwenye daftari.

Kwa wiki mbili nimeshindwa kuandika kwenye blogu hii. Nyinyi wasomaji wangu wachache mmeniuliza: safari iliishaje? Picha ziko wapi? Uliahidi nyani, uliahidi viboko, umetunyamazia kama mtu aliyekula peke yake. Sawa. Leo naandika, na mtakapomaliza kunisoma mnaweza kunihukumu mnavyotaka.

Wazo la safari lilikuwa la Lucien. Lucien anafundisha jiografia kwenye shule ninapofundisha baiolojia, na kwa miaka sita amekuwa akiniambia ni aibu sisi wawili kufundisha milima na wanyama kwa chaki, wakati milima iko mgongoni mwa shule na viboko wanakula nyasi za watu kule Kavimvira. Nilikuwa namcheka. Mwaka huu, wiki ya mwisho ya likizo kubwa, nilichoka kumcheka. Mdogo wangu Aline, anayesomea uuguzi, akasema yeye haachwi.

Lucien aliazima gari la mjomba wake, lile refu la kupandia milima: jeupe, lenye antena ndefu mbele isiyoshika kitu chochote. Akaazima na mahema mawili kwa rafiki yake wa Bujumbura. Nayo meupe. Mimi nilinunua daftari la jalada gumu nikalichora safu tatu kwa rula: Jina, Idadi, Mahali. Lilikuwa la ndege na wanyama.

Gari jeupe, mahema meupe, mwanamke mwenye daftari. Wewe uliyezaliwa huku umeshaelewa. Mimi pia nimezaliwa huku, na sikuelewa.

Ijumaa tulianzia upande wa bonde. Asubuhi tulikaa karibu na mdomo wa mto Ruzizi tukawahesabu viboko, mimi nikapata saba, Aline akapata wanane, tukabishana mpaka wa nane akapiga mwayo mbele yetu na Aline akadai soda yake. Mchana tukapanda hadi Sange kununua mchele. Kwenye mashamba yangeyange walikuwa wengi hata nikaacha kuwahesabu, nikaandika tu "wengi". Mwalimu wa baiolojia anaandika "wengi". Wanafunzi wangu nawakata alama kwa jibu kama hilo.

Jumamosi tukageuza, tukashika barabara ya Fizi.

Sijui kwa nini sikuwahi kuiona barabara hii. Nimeipita mara nyingi, kwenda kwenye misiba na harusi, nikiwa nimebanwa katikati ya magunia. Ukishapita Kalundu, mlima unakuja mpaka barabarani na ziwa linakuja mpaka barabarani, na gari linapita pale palipobaki. Kulia mawe yamesimama wima, na katikati ya mawe kuna mashamba ya mihogo yaliyoinuka hivi kwamba unajiuliza mkulima anajifunga na nini asianguke. Kushoto maji, na ng'ambo ya maji milima ya Burundi, rangi ya buluu iliyochanganyika na moshi.

Kabla ya Makobola nyani walivuka. Kundi zima, bila haraka, dume kubwa mbele, na nyuma jike lenye mtoto mgongoni na mihogo mikononi, ile iliyoanikwa kando ya njia. Mama mmoja aliwafukuza kwa mwiko wa ugali huku akiwatukana kwa Kibembe, ukoo wao wote. Lucien alisimamisha gari. Niliandika: Nyani, 23, Makobola. Nikaipigia namba hiyo mstari chini, mara mbili. Nina miaka thelathini na sita na sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo.

Kosa letu lilianzia kwenye adabu.

Mtu halali kwenye ardhi ya watu bila kupiga hodi. Tulisimama nyumbani kwa kapita, mkuu wa kile kijiji kidogo, kumwomba ruhusa. Hakuwepo, alikuwa shambani. Tulimkuta mke wake akichambua ndagala, dagaa wa ziwa hili. Tulimwambia tunakwenda kuweka mahema kule juu, kwenye ukingo wenye nyasi. Aliuliza mahema mangapi. Lucien, na utani wake, akasema mawili kwanza. Nami, nisije nikasahau jina la kapita siku ya kushukuru, nilifungua daftari nikaliandika mbele ya macho yake.

Yule mama aliacha ndagala zake. Alitushika mikono, mmoja mmoja. Nikadhani ni ukarimu.

Gari lilipanda kwa njia ya zamani ya mawe mpaka likakataa, tukamalizia kwa miguu na mizigo kichwani. Tukasimamisha mahema jua likiwa bado juu. Siwezi kuwaelezea nilichokiona pale, najaribu tu: ziwa lote chini, mitumbwi midogo kama punje za mchele, furukombe akizunguka chini yetu. Chini yetu! Mgongo wa ndege huyo sikuwahi kuuona. Tulikula wali wa mchele wa Sange na ndagala, Aline akaimba, Lucien akatuonyesha kwa kidole jinsi ardhi ilivyopasuka zamani ziwa likapatikana. Nililala mapema, na nililala vizuri kuliko ninavyolala kitandani kwangu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote, sisi tuko juu yake na jua limetuchomozea peke yetu. Hondohondo wawili, ndege wa midomo mikubwa, walipita wakipiga kelele. Nilikaa mbele ya hema na kikombe cha chai, daftari magotini, nikaandika: Hondohondo, 2.

Nikainua kichwa nikaona jiwe.

Lilikuwa jiwe bapa, hatua kumi kutoka miguuni pangu, na jana halikuwepo. Nyuma yake jiwe lingine. Nyuma yake kidumu cha njano kisicho na kifuniko, halafu tawi la mti, halafu ndala moja. Vilipangwa kwenye mstari ulionyooka, vikashuka na njia mpaka vikapotea kwenye ukungu. Na kando ya kila kitu, ameketi mwenye nacho.

Hawakuwa wamepiga kelele hata kidogo. Walikuwa wakingoja tumalize chai.

Mimi bado nikadhani wamekuja kututazama, watu wa mjini na vituko vyao. Nikawapungia mkono. Aline ndiye aliyeelewa, akaniinamia sikioni.

"Dada, habakuya kutuangalia. Bamekuya kuandikwa."

Kuandikwa. Hapa kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Mwaka maji ya ziwa yalipopanda na kukaa ndani ya nyumba za watu, mahema meupe yalikuja. Watu waliposhuka kutoka milimani na magodoro vichwani, mahema meupe yalikuja. Linatangulia gari jeupe, linafuata hema, halafu anafuata mtu mwenye daftari, na asiyekuwa kwenye daftari hayupo duniani. Kwa nini sikukumbuka? Kwa sababu jina langu halijawahi kulala humo, basi.

Lucien alisimama juu ya jiwe akawaambia ukweli wote. Kwamba sisi ni walimu. Kwamba hatukutumwa na shirika lolote la misaada. Kwamba tumekuja kutembea, kuona milima na ndege, na leo tunarudi. Alisema vizuri, kwa heshima, akaomba radhi mara mbili.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu mwanaume mmoja, mwenye jembe begani, akauliza kwa upole:

"Muko na nyumba Uvira?"

"Iko," Lucien akajibu.

"Iko na mabati?"

"Iko na mabati."

"Na mukaiacha, mukakuya kulala mu tente?"

Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya. Walicheka kama unavyomcheka mtoto anayeficha kitu nyuma ya mgongo. Hakuna hata mmoja aliyetuamini, na ningekuwa wao nami nisingeamini. Mtu gani mwenye paa analala kwenye hema kwa kupenda? Walichoelewa ni kwamba orodha ipo, ila inafichwa mpaka wakubwa waingize ndugu zao. Yamewahi kuwapata.

Wa kwanza kwenye mstari, mwenye lile jiwe bapa, alikuwa Mama Sifa. Ana umri wa mama yangu, kitenge kimepauka, miguu imejaa vumbi mpaka magotini kwa sababu alitembea kuanzia gizani. Nyumba yake ilikuwa ufukweni. Maji yaliingia, akangoja yatoke, hayakutoka. Sasa anaishi nyuma ya jiko la kaka yake, chini ya turubai alilookota kwa wengine waliopewa. Alikuwa amelileta. Alilikunjua mbele yangu, akalinyanyua kwenye mwanga ili nione matundu. Matundu yalikuwa mengi kuliko turubai.

Mara iliyopita walipoandika watu, aliniambia, yeye alikuwa na binti yake Sifa kwenye zahanati, anajifungua. Zamu yake iliitwa mara tatu. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Safari hii, aliposikia mke wa kapita akisema wamekuja, hakulala.

Nilimwambia, "Mama, mimi ni mwalimu tu. Ninahesabu ndege." Nikamwonyesha ukurasa. Alitazama maandishi, akatikisa kichwa taratibu, akanitazama mimi.

"Kalamu iko mu mukono yako, madamu. Miye iko hapa. Andika."

Kapita mwenyewe alifika wakati huo, anahema, viatu vyenye udongo wa shambani. Nilitegemea atanisaidia. Nilimweleza kila kitu pembeni, na nadhani aliniamini, ndiye pekee. Lakini alisema niandike tu. Kama si mimi mwenye kutoa, basi nimpelekee mwenye kutoa. Mimi naishi mjini karibu na maofisi, ninajua Kifaransa, nina daftari. Yeye amepeleka barua tatu, hazikujibiwa. Na hawa watu hawawezi kushuka mikono mitupu mbele ya watoto wao.

Lucien alinitazama akitikisa kichwa: hapana.

Niliandika.

Nilianza na Mama Sifa. Sikuwa na karatasi nyingine, nikaandika chini ya hondohondo, kwenye zilezile safu tatu. Jina. Idadi ya watu wa nyumba: nne. Mahali. Alinitaka nimsomee. Nilimsomea. Akasema nirudie, nikarudia. Akaokota jiwe lake akaliweka kando ili wa nyuma yake asogee.

Iliendelea hivyo mpaka mchana. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Biskuti zetu ziliisha, maji yetu yakaisha. Aline alikuwa akiosha vidonda kwa sabuni yetu ya kuogea. Watu walizidi kutokea juu, kutoka vijiji ambavyo hata sikujua vipo, na kila nilipodhani nimefika mwisho wa mstari, mwisho ulikuwa umesogea.

Nitakiri jambo ambalo sikumwambia hata Aline. Katikati ya yote niliwaza kumwachia Mama Sifa hema moja. Nilimnong'oneza Lucien. Aliniuliza: moja, kwa watu arobaini? Na mahema si yetu. Moyoni nilishukuru. Nilifurahi kwamba amenipa sababu.

Tulipokuwa tunakunja mahema, walitusaidia. Walijua kuyakunja kuliko sisi. Walibeba mizigo mpaka kwenye gari, na Mama Sifa aliniuliza jina langu, mtaa wangu na shule yangu, nikamtajia vyote kwa sauti, ili nionekane mtu mkweli. Tuliondoka wanatupungia. Nyani walikuwepo tena barabarani. Hakuna aliyesema tusimame.

Jumatatu nilivaa nguo ya ofisini nikaanza kuzunguka na daftari kwenye maofisi ya misaada. Ofisi ya kwanza mlinzi aliniambia kwa heshima kwamba orodha hazipokelewi mlangoni, zinapita kwa kapita. Nikamwambia kapita amepeleka barua tatu. Akasema basi asubiri. Ya pili walisema mradi wa eneo lile umeisha. Ya tatu kijana mmoja mstaarabu alifungua daftari, akasoma, akauliza, "Hondohondo ni nani?" Nilieleza. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, akanipa anwani ya barua pepe. Nimeandika mara nne. Hakuna jibu.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii, na hilo ndilo linalonimaliza. Ningepata mtu wa kumkasirikia ningelala.

Shule imefunguliwa. Darasani nafundisha uti wa mgongo. Lucien na mimi tunasalimiana, tunazungumzia ratiba. Picha za furukombe ziko kwenye simu, nzuri kweli, na siwezi kuziweka hapa.

*

Saa kumi jioni. Niliacha kuandika kwa sababu mtu alibisha hodi.

Ni dereva wa pikipiki, kalowa chapachapa, anatoka Makobola. Alifika shuleni akakuta kumefungwa, akaulizia mtaani mpaka kwangu. Ameleta kidumu kidogo cha mawese mapya, kimefungwa na jani la mgomba mdomoni. Kimetoka kwa Mama Sifa. Nilimwomba aingie ajikaushe, akakataa, njia inaharibika kwa mvua. Alisimama mlangoni akatoa ujumbe kama alivyopewa.

"Mama amesema asanti juu ya kazi. Bo banangoja, habana haraka. Ila siku ile alikuambia batu bane, alisahau mutoto wa Sifa. Uandike tano."

Hakusahau. Mtoto yule alikuwa mgongoni mwa Sifa, hatua mbili kutoka kwangu, nilimwona. Mama Sifa alimwacha nje ya hesabu ili yeye asionekane mwenye tamaa. Sasa mvua imeanza, na hesabu imebidi iseme kweli.

Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki. Aliniuliza ampelekee jibu gani.

Jibu nilikuwa nalo. Nimelifanyia mazoezi wiki mbili, bafuni, njiani, hata kanisani: mwambie nimeshindwa, mwambie asingoje, mwambie atafute njia nyingine kabla mvua haijakaza. Maneno machache tu. Nilifungua mdomo.

"Mwambie nimeandika."

Akaondoka. Nami, ili angalau isiwe uongo, nimerudi ndani, nimefungua daftari, nimekata nne kwa mstari, nimeandika tano.

Bado inanyesha. Jumamosi ijayo nitatafuta pikipiki niende Makobola nikamwambie mwenyewe, ana kwa ana, bila daftari mkononi. Nimeliandika hapa hadharani ili nikijificha mnitoe. Lakini nikishafika nyuma ya lile jiko la kaka yake, na akinyanyuka kunikaribisha, nitaanzaje?